Ukitaka Hedifoni za Kusikizia Piano, Usianze na Besi

Wacha niseme jambo ambalo wauzaji wengi pale Luthuli Avenue hawatalipenda. Kama muziki wako ni piano, kitu cha kwanza unachoonyeshwa dukani ndicho cha mwisho unachohitaji. Unaingia, unasema unatafuta hedifoni, na kabla hujamaliza sentensi jamaa ashakuvisha moja, ashakuchezea ngoma ya klabu kutoka kwa simu yake, na sasa anakukodolea macho akingoja utikise kichwa.

"Bosi, skia hiyo besi. Si inagonga?"

Inagonga, kweli. Na simlaumu, kwa sababu wateja wengi wanaoingia pale wanataka kugongwa. Mimi mwenyewe nimepanda nganya za kutosha, na najua raha ya besi inayotetemesha kiti mpaka unasahau uko kwenye jam ya Jogoo Road. Gengetone bila besi ni chai bila majani. Lakini piano ina mambo yake, na hedifoni iliyotengenezwa kwa ajili ya kugonga huiharibu vibaya sana.

Maoni yangu ni haya, na nitayatetea mpaka mwisho: hedifoni ya piano huchaguliwa kwa sauti ndogo. Usiulize inapaza kiasi gani. Uliza inakuacha usikie nini wakati muziki unakaribia kunyamaza. Mengine yote, bei, jina la kampuni, waya au bila waya, yanafuata hapo.

Tuanze na chombo chenyewe, maana huwezi kumchagulia mtu viatu kabla hujaona miguu yake. Piano ilizaliwa Italia, mjini Florence, karibu mwaka wa 1700, mikononi mwa fundi aliyeitwa Bartolomeo Cristofori. Kinanda kilichotawala wakati ule kilikuwa kinakwanyua nyuzi. Ubonyeze kwa hasira, ubonyeze kwa upole, sauti ilitoka karibu ile ile. Cristofori akaweka nyundo ndogo zinazopiga uzi halafu zinarudi nyuma haraka, uzi ubaki ukitetemeka wenyewe. Sasa kidole kikapata usemi: gusa polepole upate sauti ndogo, piga kwa nguvu upate kubwa. Ndiyo maana chombo kilipewa jina la Kiitaliano lenye maana ya "ndogo na kubwa". Miaka ikapita, watu wakachoka na jina refu, wakabaki na neno la kwanza peke yake. Piano. Yaani, sauti ndogo.

Kwa hivyo jina lenyewe lishatupa jibu, ni sisi tu hatukusikiza.

Chukua noti moja. Ina sehemu tatu, na mimi huziita kichwa, mwili na mkia. Kichwa ni pale nyundo inapogusa uzi. Nyundo za piano zimevikwa sufu iliyoshindiliwa, kwa hivyo kichwa kizuri kina ugumu na ulaini kwa pamoja, kama mtu anayebisha mlango wa mtu anayempenda. Mwili ni sauti yenyewe, ile ambayo ungeiimba ukiambiwa urudie. Mkia ni kufifia kwake. Noti ya piano haikatiki kama ya filimbi. Inaanza kufa sekunde ile ile inapozaliwa, inashuka, inashuka, mpaka hujui kama bado unaisikia au unaikumbuka tu. Mpigaji akikanyaga pedali, mikia ya noti nyingi inapishana hewani, na hapo ndipo penye utamu wote.

Hedifoni mbovu inakupa mwili tu. Kichwa kinakuwa bapa, mkia unakatwa kabla haujafika. Unasikia wimbo, ndiyo, unaweza hata kuupiga mluzi. Lakini ni kama umeletewa samaki wa Kisumu ambaye amekatwa pande zote mbili, ukabaki na kipande cha katikati. Mtu yeyote kutoka ziwani atakuambia utamu uko wapi.

Sasa, hii besi. Piano ya kawaida ina vibonyezo 88. Cha kushoto kabisa kinatetemesha hewa mara 27.5 kwa sekunde, na cha kulia kabisa mara 4,186. Mtu akisikia hiyo namba ya kwanza anasema, si basi lazima nipate hedifoni ya besi nzito? Hapana. Kwenye zile nyuzi nene kabisa, mtetemo wa msingi huwa dhaifu. Nguvu nyingi iko kwenye mitetemo mingine inayopanda juu yake, mara mbili, mara tatu, mara nne na kuendelea. Ubongo wako unaiona familia hiyo ya watoto na unamkisia baba yao hata kama hayupo chumbani. Ushahidi uko mfukoni mwako. Cheza piano kwenye spika ya simu. Ile spika ni ndogo kama ukucha, haina uwezo wowote wa kutoa mitetemo 27 kwa sekunde, lakini bado unatambua kwamba noti nene imepigwa.

Kinachotokea ukivaa hedifoni zilizoongezwa besi ni kwamba mkono wa kushoto wa mpigaji unavimba. Unafunika katikati, na katikati ndipo piano inapokaa. C ya kati inatetemeka karibu mara 262 kwa sekunde, na nyimbo nyingi unazozipenda zinazunguka hapo jirani. Kama umewahi kuimba kwaya unaijua hii hali. Kuna yule ndugu wa besi aliyepewa maikrofoni yake peke yake. Soprano wanaimba, alto wanaimba, teno wanajitahidi, na kanisa lote linamsikia yeye tu. Si kwamba anaimba vibaya. Ni kwamba amewafukia wenzake.

Kwa hivyo ukienda kujaribu hedifoni, nenda na muziki wako. Upakue nyumbani kabisa, kwa ubora wa juu ambao programu yako inaruhusu, usitegemee neti ya dukani. Halafu mwombe muuzaji dakika kumi. Akikataa dakika kumi na anataka pesa zako, toka, maduka ni mengi. Hizi ndizo rekodi ninazotembea nazo, na kila moja ina kazi yake.

Ya kwanza ni piano ya Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou, mtawa wa Ethiopia aliyezaliwa Addis Ababa mwaka wa 1923 na kufariki Jerusalem mwaka wa 2023. Watu wengi walimjua mwaka wa 2006, rekodi zake zilipokusanywa kwenye mfululizo wa Éthiopiques, namba 21. Anapiga kama mtu anayeongea peke yake akifua nguo, anakimbia kidogo, anasita, anarudi. Rekodi zake si safi sana, na ndiyo sababu nazipenda kwa kazi hii. Hedifoni yenye makali mengi juu itafanya zile noti nyembamba zikuchome kama sindano. Ukivumilia nyimbo mbili bila kukunja uso, umepita hatua ya kwanza.

Ya pili ni The Köln Concert ya Keith Jarrett, iliyorekodiwa nchini Ujerumani tarehe 24 Januari 1975. Piano aliyowekewa usiku huo haikuwa ile aliyoomba. Ilikuwa ndogo, noti zake za juu zilikuwa nyembamba na za chini hazikuwa na nguvu. Kwa hivyo alikaa sana katikati na kuugeuza mkono wa kushoto kuwa kama ngoma inayojirudia. Wakosoaji wameandika mengi, mimi naitumia kwa swali moja: je, nasikia kwamba piano hii ni dhaifu chini? Kama hedifoni inaifanya isikike kama dude kubwa lenye besi ya kutisha, basi hedifoni inanidanganya. Sikiza pia sauti ya Jarrett mwenyewe, maana anaguna na kuimba akipiga. Akiguna, unapaswa kujua kwamba ni mtu, na kwamba ameinama karibu na piano.

Ya tatu ni African Piano ya Abdullah Ibrahim wa Cape Town, iliyorekodiwa mbele ya watu kwenye klabu moja ya Copenhagen mwaka wa 1969, enzi ambazo bado aliitwa Dollar Brand. Hapa nasikiza chumba. Kuna watu, kuna nafasi, kuna hewa. Hedifoni nzuri inaweka piano mahali fulani na watu mahali pengine. Mbaya inawabandika wote kwenye paji la uso wako.

Ya nne, na hii ndiyo mtihani wa mwisho, ni Felt ya Nils Frahm, Mjerumani, ya mwaka wa 2011. Alikuwa anapiga usiku na hakutaka kusumbua majirani, kwa hivyo aliweka kitambaa kizito kati ya nyundo na nyuzi, halafu akasogeza maikrofoni karibu kabisa. Matokeo yake ni piano inayonong'ona. Unasikia mbao zikilia, vibonyezo vikirudi, pumzi. Icheze kwa sauti ya kawaida, usipandishe. Kama unasikia mbao na pumzi bila kugusa kitufe cha sauti, hedifoni hiyo inajua kusikiza. Kama inabidi upandishe mpaka mwisho ndipo uanze kusikia chochote, irudishe kwenye boksi na uendelee na safari.

Umeona rekodi zote nne zinauliza nini? Hakuna hata moja inayouliza "inagonga?"

Baada ya hapo, jiulize utasikizia wapi. Kuna hedifoni ambazo zimeachwa wazi nyuma, zina matundu au wavu, hewa inapita. Kwa piano ukiwa nyumbani, kwangu mimi hakuna kinachozishinda. Sauti haikwami ndani ya kikombe, mikia ya noti inapata mahali pa kwenda, na unahisi kama chombo kiko mbele yako chumbani. Sennheiser HD 600, iliyotoka mwaka wa 1997, bado inatajwa na wapenzi wa piano kwa sababu katikati yake ni safi. Lakini usikimbilie jina. Ile ina ukinzani wa omu 300, na simu nyingi zitahema kuiendesha, utahitaji amplifaya ndogo. Halafu hizi za wazi zinavujisha sauti nje na kuingiza kelele ndani. Ukizivaa ndani ya matatu, utasikia Chopin akipigwa na makanga anayeita abiria wa Githurai, na yule aliyekaa kando yako atasikia Chopin pia.

Kwa hivyo kama maisha yako ni ya barabarani, chukua zilizofungwa nyuma, au iafoni zenye mipira inayoziba sikio vizuri. Zilizofungwa za studio kama Sony MDR-7506 au Audio-Technica ATH-M50x hazihitaji amplifaya, simu yenye tundu la milimita 3.5 inazitosha. Kwa iafoni, siri kubwa iko kwenye mipira. Jaribu saizi zote zilizo kwenye pakiti, na usishangae sikio la kulia likitaka saizi tofauti na la kushoto. Mpira usipoziba, sauti nene zinatoroka na piano inabaki kama ya mtoto. Watu wengi wametupa iafoni nzuri kwa sababu ya mpira wa saizi mbaya.

Na zile zinazozima kelele kwa umeme? Nitazitetea. Wapenzi wengi wa sauti safi wanazidharau, wanasema zinabadilisha muziki. Zinabadilisha kidogo, sikatai. Lakini piano ni muziki wa sauti ndogo, na adui wa sauti ndogo ni injini. Ukizima ngurumo ya basi, noti zinajitokeza zenyewe bila wewe kupandisha chochote. Kwa anayesafiri kutoka Rongai kila asubuhi, ningemwambia achukue za kuzima kelele kabla hajachukua za bei kubwa zinazosifiwa kwa "usafi". Usafi gani utausikia kwenye barabara ile?

Tukifika kwenye pesa, kuna habari njema. Mwaka wa 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha utafiti uliopima hedifoni na iafoni 283 za bei mbalimbali, akitazama zinavyogawa sauti nene, za kati na nyembamba. Hakuona uhusiano wowote kati ya mgawanyo huo na bei ya dukani. Isome tena hiyo. Bei inaweza kukununulia ngozi laini, chuma badala ya plastiki, boksi la kupendeza, huduma baada ya kuuziwa. Haikuhakikishii kwamba piano itasikika kama piano. Kwa hivyo usione haya na bajeti yako, na usiende kukopa kwa simu ili ununue jina. Kuna iafoni za waya za bei ya chini zinazopita mitihani yote minne niliyotaja, na kuna za bei ya kodi ya nyumba zinazoanguka kwenye wa kwanza.

Tahadhari moja tu: majina makubwa ndiyo yanayoigwa zaidi. Ukiona hedifoni maarufu inauzwa robo ya bei yake ya kawaida, hiyo si ofa, hiyo ni feki. Afadhali jina dogo la kweli kuliko jina kubwa la uongo.

Halafu kuna kundi ambalo wauzaji hulisahau kabisa: watu wanaopiga. Binamu yangu yuko hapo. Anapiga kinanda kanisani kwao, anajifunza piano ya kusoma noti, na anaishi na babake kwenye nyumba ya chumba na sebule Umoja, ukuta mmoja na majirani. Anatoka kazini saa moja jioni. Akifungulia spika ya kinanda saa tatu usiku, keateka anabisha. Kwa hivyo kwake hedifoni ni ruhusa ya kufanya mazoezi. Bila hedifoni, wiki nzima inaisha bila kugusa kibonyezo.

Alikuwa na zile za Bluetooth, nzuri tu kwa kusikiza. Akaninunia siku moja kwenye simu.

"Cuzo, nabonyeza halafu sauti inakuja baadaye. Ni kama napiga na mtu mwingine."

Ndivyo Bluetooth ilivyo. Sauti inafungashwa, inatumwa, inafunguliwa, na safari hiyo inaweza kuchukua sehemu moja au mbili za kumi za sekunde. Ukisikiza wimbo hutajua, kwa sababu huna cha kulinganisha. Ukipiga, kidole kinajua. Kwa anayepiga, jibu ni waya, hakuna mjadala. Vinanda vingi vina tundu kubwa la milimita 6.35, kwa hivyo utahitaji adapta ikiwa pini yako ni ndogo. Ni kitu cha bei ndogo sana na usikikose. Tulimtafutia za waya, zilizofungwa, zenye mito mikubwa inayozunguka sikio bila kulikandamiza, maana mtu anayefanya mazoezi saa mbili hawezi kuvaa kitu kinachomuumiza baada ya dakika ishirini. Uzito na mito ni sehemu ya sauti, usidanganywe. Hedifoni unayoivua kwa maumivu haichezi muziki wowote.

Na sasa nimefika kwenye sababu halisi ya kuandika haya yote.

Babake, mjomba wangu, aliendesha mashine ya posho mill kwa zaidi ya miaka ishirini. Hakuna aliyewahi kumpa kitu cha kuziba masikio, na hata yeye hangekivaa, angeonekana mtu wa madoido. Leo redio yake inasikika mpaka kwa geti. Kelele za namna ile huanza kula masikio kwenye sauti nyembamba, hasa karibu na mitetemo 4,000 kwa sekunde. Rudi juu uangalie namba ya kibonyezo cha mwisho cha piano: 4,186. Ni jirani kabisa. Na ule ukali unaotengeneza kichwa cha noti, ule unaokuambia nyundo imegusa uzi, unakaa huko huko juu.

Jumapili moja binamu yangu alichomoa hedifoni, akamfungulia babake spika, akampigia wimbo ambao mkono wa kulia unapanda mpaka mwisho. Mjomba alikuwa ameketi kando, anaangalia vidole. Mkono wa kushoto ulimwingia sawa, alikuwa hata anagonga mguu. Kisha vidole vikapanda kule juu, mguu ukasimama, na akamwangalia bintiye kwa adabu, kama mtu anayengoja mwenzake amalize kunong'ona na mtu mwingine.

"Umefika mwisho?"

"Bado, Baba. Napiga hapa juu."

"Ah. Sawa. Endelea, mama."

Sijui hedifoni itakayomrudishia hizo noti. Haipo.

Ndiyo maana nasema sauti ndogo, na ndiyo maana nasema kwa ukali. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya vijana bilioni 1 wako kwenye hatari ya kupoteza uwezo wa kusikia kwa sababu ya namna tunavyosikiza, na kupoteza huko hakurudi. Kipimo chao cha usalama kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukiongeza desibeli 3 tu, muda huo unakatika nusu, unabaki na saa 20. Ukifika 90, una saa 4 kwa wiki nzima. Saa nne! Mtu wa Rongai anazimaliza kabla Jumatano haijafika. Sikio la kufa halisikii dawa, na hapa msemo huu hauna haja ya kufasiriwa.

Piano ina mtego wake wa kipekee. Kwa sababu inashuka chini sana, unapandisha kitufe ili usikie pale ndogo. Dakika mbili baadaye mpigaji anashusha mikono yote miwili kwa nguvu, na wewe uko na kitufe mwisho. Muziki wa klabu una kelele sawa mwanzo hadi mwisho, angalau unajua uko wapi. Piano inakuvuta kwa upole halafu inakupiga kofi. Hedifoni inayoziba kelele vizuri, yenye katikati safi, inakuondolea sababu ya kupandisha. Kwa hivyo inayokupa piano nzuri na inayolinda masikio yako ni hedifoni moja. Ni nadra maishani kitu kitamu na kitu chenye afya vikae kwenye sahani moja, kwa hivyo kichukue.

Kuna watu watasema piano ni muziki wa matajiri, wa watu wa Muthaiga walio na sebule kubwa, na sisi wengine tukae na ngoma zetu. Sikubali. Mtawa wa Addis alipiga, Abdullah Ibrahim wa Cape Town akapiga, na Umoja kuna msichana anapiga usiku wa manane na hakuna jirani anayejua. Sebule kubwa hatuna, lakini hedifoni ya haki inakupa chumba kizima cha piano katikati ya masikio mawili, kwa bei ambayo mtu anaweza kuweka akiba akaifikia.

Basi fanya hivi. Leo usiku, kabla hujanunua chochote, chukua ulizo nazo. Weka piano yoyote unayoipenda, iwe ya Aaron Rimbui wetu au ya Mjerumani wa karne iliyopita. Shusha sauti mpaka pale unapohisi ni ndogo mno. Usiguse kitufe. Kaa dakika tano. Masikio yatazoea, kama macho yanavyozoea stima ikipotea, na vitu vitaanza kujitokeza: pedali, pumzi, mkia wa noti ukienda zake. Zikikuonyesha hayo, huna haja ya kununua kitu, kunywa chai ulale. Zisipokuonyesha, sasa unajua unachotafuta.